Gari Linalala Wapi?

Mama alipoona tunapandisha godoro kwenye Hiace aliuliza swali moja tu: "Mwenye nyumba kawafukuza?"

Alikuwa amekaa barazani anachambua mchicha, wala uso hakuinua. Nikamwambia hapana mama, tunakwenda kutembea, Pangani mpaka Saadani, siku nne, na tutalala humu humu garini. Akachambua majani mawili matatu. "Watu wanahangaika miaka wapate pa kulala. Nyinyi nyumba mnayo, mnaikimbia mkalale kwenye daladala."

Na kweli ni daladala. Tulilinunua kwa mtu aliyekuwa akiliendesha njia ya Pongwe, viti vimechoka, bati limeanza kuota kutu kwenye vizingiti, lakini injini bado ina moyo. Tuling'oa viti vya nyuma tukaacha safu moja ya watoto. Seremala mmoja pale Makorora akatuchongea kitanda cha mbao chenye masanduku chini yake, madirisha tukayawekea wavu wa mbu, na namba nyeupe za biashara zikabadilishwa kuwa za njano. Kitu kimoja hatukukigusa: maandishi mekundu kwenye kioo cha nyuma, MGENI NJOO. Baba watoto alitaka kuyakwangua. Nikamwambia yaache, daladala bila maneno nyuma ni kama mtu asiyeitikia salamu.

Wengi wanaamini kulala garini na kupiga kambi ni mambo ya wazungu wenye Land Rover na hema juu ya keria. Mimi nimezaliwa Tanga na sikubali. Wavuvi wa pwani hii wamekwenda dago tangu kabla barabara ya lami haijajulikana. Samaki wakihama, na wao hufunga nyavu, sufuria, unga na mikeka, wakahamia ufuo mwingine wiki kadhaa, hata miezi, wakiishi kwenye vibanda vya makuti. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa dago, na mama anajua hilo vizuri kuliko mimi. Simama Segera usiku uangalie madereva wa malori na utingo wao: jiko dogo linawaka pembeni ya tairi, sufuria ya ugali imefunikwa, utingo ametandika chini ya tela na chandarua kimefungwa kwenye chesisi. Wale wangeweza kutufundisha sote, ila hakuna anayewauliza.

Kwa hiyo nilipoanza kupanga safari sikwenda kwa wazungu. Nilimwendea dereva mmoja wa lori, jirani yetu, nikamuuliza nianze na nini. Alinijibu: "Anza na maji. Halafu uliza gari litalala wapi. Hayo mengine ni mapambo."

Maji ni hesabu ya kukaa chini na kalamu. Sisi ni wanne. Kunywa na kupika tuliweka lita 5 kwa kila mtu kwa siku, yaani dumu zima la lita 20. Kuosha vyombo na kujimwagia maji baada ya bahari, dumu la pili. Siku tatu, ukiacha ile ya kurudi, madumu sita, na dumu la lita 20 ni kilo 20 na ushee. Hapo una kilo 120 za maji tu, kabla hujapakia mchele. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, wale waliotembea kutoka bara hadi Bagamoyo na Pangani, kila mmoja alibeba kama frasila mbili, kilo 30 na kitu. Maji yetu peke yake yangehitaji wapagazi wanne! Ndiyo maana usiyapandishe kwenye keria. Uzito ukikaa juu, kona ya kwanza tu gari linayumba kama mlevi. Tuliyapanga sakafuni, karibu na ekseli ya nyuma, tukayakaza kwa mpira. Mwishowe tulibeba manne tu, tukaamua mengine tutajaza njiani, maana kila kijiji tulichokuwa tunakwenda kupita kina kisima au bomba.

Umeme ulinipa kazi zaidi, kwa sababu mume wangu anataka friji. Mimi nilisema samaki tutanunua dikoni wakitoka majini, friji ya nini? Akasema soda. Basi nikapiga hesabu. Betri ya N70 ina ampea-saa 70. Zidisha kwa volti 12 unapata wati-saa 840. Lakini betri ya asidi ukiinyonya chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo ya kutumia ni kama 420. Friji ndogo ya wati 45 haiwaki muda wote, inawaka na kuzima. Kwa usiku wa saa 12, ikiwaka nusu ya muda huo, inakula 270. Feni ya wati 15 kwa saa 8, 120. Zimebaki 30, za simu na taa. Ikatosha, kwa kubanana. Paneli ya wati 100 juu ya paa hurudisha kiasi hicho mchana, jua likiwa zuri na gari halijawekwa kivulini. Na hapo pana mtihani, kwa sababu pwani hii hakuna mtu mwenye akili anayeegesha juani saa 7 mchana. Muhimu zaidi: hiyo betri iwe ya pili, isiyohusiana na ya kuwashia injini. Ukiviunganisha vyote kwenye moja, soda yako itakuwa baridi na gari halitawaka.

Jiko tulitumia mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi, inatuama sakafuni, na sakafuni ndipo mnapolala. Fundi alitoboa tundu la kutolea hewa chini ya kisanduku cha mtungi, na usiku mtungi wenyewe tunaushusha nje kabisa. Kuhusu mkaa nitasema bila mzaha. Usiingize jiko la mkaa ndani ya gari, hata kama mvua inanyesha, hata kama limebaki jivu lenye wekundu kidogo tu. Moshi wake mwingine hauonekani wala haunuki, na watu hulala wasiamke.

Choo. Najua mnasubiri hapo, maana kila shoga yangu niliyemsimulia safari hii aliuliza hilo kwanza, akanong'ona. Tulikuwa na ndoo yenye mfuniko wa kubana, na gunia la randa kutoka kwa yule yule seremala. Kila ukimaliza unamwaga kopo la randa, harufu inakatika. Palipo na choo cha kijiji au cha kambi, tulitumia hicho na kushukuru. Porini unachimba shimo la kina cha kiganja na zaidi, sentimita 15 hadi 20, mbali na maji, hatua 80 hivi, kisha unafukia. Ufukoni usichimbe kitu. Bahari huleta ushahidi.

Basi. Tuliondoka mwishoni mwa Juni, shule zimefungwa, masika yameshapita na barabara zimekauka. Tulipanga kutoka alfajiri, tukatoka saa 5, kwa sababu ya jiko lililosahaulika, kisha mfuniko wa jiko uliosahaulika. Toka mjini hata Chumbageni hatujaiacha mbali, watu wanatupungia mkono vituoni. Wanaona Hiace, hawaangalii rangi ya namba. Mzee mmoja aliligonga bodi kabisa: "Unaacha abiria!"

Tongoni tulisimama nusu saa. Yale makaburi ya nguzo na msikiti uliobomoka ni dakika chache tu kutoka barabarani, na ukiwa na watoto inafaa wajue kwamba hapa palikuwa na mji wakati Vasco da Gama anapita, mwishoni mwa miaka ya 1400. Mwanangu wa pili alivutiwa zaidi na mijusi.

Pangani tukakuta foleni ya kivuko. Daraja wakati ule lilikuwa bado linajengwa, nguzo zimesimama mtoni kama watu wanaosubiri kitu. Gari la chini kama Hiace linashuka kwenye ngazi ya kivuko kwa kuinamia pua, na bampa letu liliacha rangi kidogo pale. Kwenda mshazari, taratibu, ndiyo dawa, na abiria washuke. Tulipotia gurudumu Bweni jua lilikuwa limelala. Tulipofika Ushongo ilikuwa saa 12 na nusu jioni.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu, si la baba watoto.

Mtu wa dago hafiki ufuo wa watu akajenga kibanda. Anapiga hodi kwanza: kwa wazee wa diko, kwa mwenyekiti wa kitongoji, anaeleza ametoka wapi na atakaa siku ngapi, anaandikwa kwenye kitabu cha wageni. Mambo hayo nimeyasikia tangu mtoto. Pwani yetu hakuna pori lisilo na mwenyewe. Hata mnazi ulioinama peke yake una mtu anayejua una madafu mangapi. Lakini giza linaingia, watoto wana njaa, mbele yetu mchanga mweupe mgumu umenyooka kama sakafu. Nikasema, tulale, hodi tutapiga asubuhi.

Niliona kwenye mchanga mstari wa mwani mbichi ulioachwa na maji ya jioni ile. Tukaegesha hatua tano juu yake, nikajiona mjanja. Pua tumeielekeza baharini, yaani mashariki, ili mlango wa pembeni uangalie kaskazini na upepo wa kusi usitupulizie mchanga kwenye sufuria. Hilo lilikuwa sahihi, na nalirudia kwa kila mtu. Tulikaanga changu wawili tuliowanunua Pangani, tukala kwa bada, watoto wakalala na miguu yenye chumvi. Mwezi ulipanda juu ya bahari, mkubwa, siku ya kumi na nne. Nikasema, tazama uzuri. Ulikuwa unanionya, sikuuelewa.

Saa 9 usiku nikasikia hodi. Si ndoto, mtu anagonga bati kwa kidole, polepole, kama anayegonga chumba cha wagonjwa.

"Hodi humo. Hodi, mgosi."

Baba watoto akafungua. Alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, msuli umefungwa juu, tochi mkononi. Alikuwa ametoka kuangalia ngalawa yake. Akamulika matairi yetu, akamulika baharini. Maji yalikuwa kama hatua hamsini, yanakuja bila kelele, meupe chini ya mwezi.

"Hapa mmelala chumbani kwake," akasema. "Mwenyewe yuaja."

Nieleze kitu ambacho kila mtoto wa mvuvi anakijua, na mimi mtoto wa mjini nilikisahau. Mwezi ukiwa mpevu, na ukiwa mwandamo, maji yana nguvu: yanajaa sana na kukupwa sana. Hiyo ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayaendi mbali. Bamvua haifiki kilele siku ile ile ya mwezi mpevu. Huendelea kukua siku moja au mbili zaidi, kwa hiyo maji ya alfajiri yanaweza kuupita mstari wa jioni. Na pwani yetu maji ya bamvua hujaa kwenye saa 10 hivi, jioni na tena alfajiri, halafu kila siku yanachelewa kama dakika 50. Weka haya pamoja: mwezi wa kumi na nne, mstari wa mwani wa jioni, kusi inasukuma nyuma. Ningekuwa na akili ya babu ningejua saa ya kuamka bila kuamshwa.

Hiace inavutwa na magurudumu ya nyuma, na ya nyuma ndiyo yaliyokuwa yamebeba maji na kitanda. Mume wangu aliwasha akarudi nyuma, yakazama mara moja. Akataka kukanyaga mafuta. Mzee akampigia kelele ya kwanza na ya mwisho: "Acha! Unajichimbia." Akauliza tuna kipimo cha upepo. Tulikuwa nacho. Tukatoa upepo matairi yote manne, kutoka 32 mpaka 18, tairi likatanuka likawa kama wayo wa ngamia. Watoto wakashuka na shuka zao. Vijana wawili sijui walitoka wapi, wakaleta makuti makavu na magunia, tukachimba mbele na nyuma ya tairi kwa sufuria, tukatandika. Gia ya nyuma, mguu mwepesi, sisi tunasukuma pua. Likatoka kwa kusitasita, likapanda mpaka kwenye nyasi.

Saa 10 na nusu maji yalifuta mitaro ya matairi yetu yote. Tulisimama tukaangalia, hatukusemezana.

Mzee ndipo akamulika kioo cha nyuma akasoma. Akacheka mpaka akakohoa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Leo mwenyeji ndiye kamponya mgeni." Akatupeleka shambani kwake, tukaegesha chini ya mkungu. Mimi nilikuwa nimeelekeza kwenye minazi, kuna kivuli kizuri; akanikatalia. Nazi ikidondoka kutoka juu kule haichagui kioo wala kichwa.

Asubuhi tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukaandika majina yetu, tumechelewa kwa usiku mmoja. Hakutulaumu. Alituonyesha kisima, akatuambia choo kiko wapi, akataja nani anauza pweza. Tulitaka kulala Ushongo usiku mmoja, tukalala miwili. Yule mzee hakutaka pesa. Alitaka tumchajie simu. Nusu ya vijana wa diko wakajua kuna daladala lenye sola, na kufika adhuhuri simu kumi na moja zilikuwa zimelala kitandani kwetu kama dagaa. Friji ilizimwa. Mume wangu akanywa soda ya moto na hakusema neno. Tulikula samaki siku zile kwa namna ambayo sitaisahau, tasi wabichi wakibanikwa juu ya makumbi na vifuu, na usiku mtu analeta kikombe cha kahawa chungu bila kuombwa.

Saadani nitaieleza kwa ufupi maana wengi wameshaieleza. Tulipita Mwera na Mkwaja, barabara ya vumbi. Kuna sehemu udongo wake ni mweusi wa kunata, na mimi nisingepitisha Hiace huko wakati wa masika kwa malipo yoyote. Saadani imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na ndiyo hifadhi ya wanyama inayofika mpaka Bahari ya Hindi, kwa hiyo unaweza kuona twiga na mawimbi siku moja. Ufukwe wa Madete kasa hutaga mayai. Malipo ni kwa namba ya malipo, si fedha taslimu, hivyo shughulikia mambo hayo mapema, ukiwa mahali penye mtandao. Unalala pale ulipoelekezwa tu, na giza likiingia hakuna kuendesha. Nyani wakatuibia mkate wa ufuta mzima, ule tuliokuwa tunautunza kutoka Tanga. Watoto wanasema hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za safari. Mimi nililala vibaya. Pale ulinzi upo, choo kipo, maji yapo, kila kitu kipo isipokuwa mtu wa kukuuliza umeamkaje.

Kurudi tulitokea Mandera tukashika lami, Mkata, Kabuku, Michungwani. Kwenye lami nidhamu ni moja: vijijini ni 50, na askari wenye tochi wanajua kichaka gani kina kivuli. Kumbuka pia kurudisha upepo kwenye matairi. Tairi la 18 kwenye lami, kwa mwendo wa 80, linachemka na kupasuka. Sisi tulijaza tulipotoka Ushongo, kwa pampu ya mguu, zamu kwa zamu, jasho jembamba.

Muheza tulisimama kununua machungwa. Nimeshuka nachagua, narudi nakuta mlango wa pembeni umefunguliwa na bibi mmoja mwenye tenga ameshaketi juu ya godoro letu, tenga amelipakata, anajipepea kwa ncha ya khanga.

"Kange shilingi ngapi siku hizi?" akaniuliza.

Nikamwambia, bibi, hili si la abiria. Akatazama kitanda, akatazama wavu wa mbu, akatazama sufuria zinazoning'inia. Akageuka kuangalia kioo cha nyuma, maneno yamegeuka kwa ndani, akayasoma kinyume kwa shida.

"Mbona mmeandika njoo?"

Tukaondoka naye. Alituhadithia msiba aliotoka, akawamenyea watoto machungwa mpaka vidole vyao vikanata, akalalamikia mashimo ya barabara kana kwamba sisi ndio tuliyachimba. Tulipokaribia Kange akaanza kufungua fundo la pesa kwenye khanga, tukakataa, akakasirika kidogo, akatuachia machungwa sita. Aliposhuka akapapasa godoro kwa kiganja, akauliza kama watu wanavyouliza gari lolote la mwisho la jioni:

"Na hili linalala wapi?"

"Ushongo!" watoto wakapiga kelele wote wawili.

"Mbali," akasema bibi, akajitwika tenga lake.